Goti lililoteguka: kutibu ligamenti na kurudi uwanjani

Ukikwatuliwa kwa nje ya goti, au mguu ukakita chini huku mwili ukigeuka, kinachoumia mara nyingi ni ligamenti, yaani kamba ngumu zinazoufunga mfupa wa paja na mifupa ya chini ya goti. Ziko nne kubwa. Ya ndani na ya nje huzuia goti lisipinde pembeni. Mbili za msalaba zimepishana katikati na huzuia muundi usichomoke kwenda mbele au nyuma. Hapa tunashughulika zaidi na ile ya upande wa ndani, kwa sababu huumia sana na kwa kawaida hupona bila upasuaji. Lakini siku za kwanza goti hutunzwa vilevile hata kama hujajua ni ipi iliyoumia.

Nani aende hospitali, na lini

Goti likiwa limetoka mahali pake, au unyayo ukiwa wa baridi, umepauka au una ganzi, hiyo ni dharura. Mshipa mkubwa wa damu hupita nyuma ya goti, na ukiziba mguu una saa chache tu. Asije mtu kuuvuta. Ufungwe banzi jinsi ulivyo na safari ianze.

Nenda siku hiyohiyo ukapigwe eksirei kama huwezi kupiga hatua nne hata kwa kuchechemea, kama goti halikunjiki kufikia nyuzi 90, kama pia ya goti au kile kifundo cha mfupa upande wa nje chini ya goti kinauma kikibonyezwa, au kama una miaka 55 na zaidi. Ila eksirei huonyesha mfupa, ligamenti haionekani. Kuambiwa "picha ni safi" hakumaanishi goti ni zima, na wengi hurudi mpirani wiki ileile kwa kuamini hivyo.

Ligamenti ya ndani huuma ukiibonyeza upande wa ndani wa goti, na uvimbe wake huwa wa wastani, mara nyingi huonekana kesho yake. Ukisikia mlio "pa!" na goti likajaa ndani ya saa mbili, hiyo ni damu ndani ya kiungo, shuku ligamenti ya msalaba ya mbele, ambayo wachezaji huiita ACL. Dereva wa bodaboda aliyeangukia muundi huku goti limekunjwa achunguzwe ile ya nyuma. Goti likikwama lisinyooke kabisa, huenda kipande cha meniskasi, yaani gegedu lililo kama mto kati ya mifupa ya goti, kimejibana, na hapo usilazimishe.

Siku tatu za kwanza

Usikande kwa maji ya moto na usichuliwe. Joto na kuchua huzidisha damu na maji ndani ya goti, na goti likijaa, msuli wa mbele wa paja huzimika wenyewe hata kama haukuumia. Ndiyo sababu paja hunywea haraka mno.

Tumia barafu iliyopondwa, izungushie kitambaa chenye unyevu, uiweke dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho. Usiiache juu ya kile kifundo cha nje chini ya goti: neva inayoinua unyayo hupita hapo karibu kabisa na ngozi, na baridi ya muda mrefu inaweza kuiumiza. Kisha funga bandeji ya kuvutika yenye upana wa sm 10 hadi 15, ukianzia katikati ya kigimbi kwenda juu mpaka katikati ya paja, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Vidole vikiwa na ganzi au vikibadilika rangi, legeza. Usiku ifungue.

Lala mguu umeinuliwa juu ya mito, lakini mito ikae chini ya kisigino na kigimbi, siyo chini ya goti. Kosa hili ni la kawaida kwa sababu goti lililokunjwa kidogo linapata nafuu. Likizoea hivyo, nyuzi chache za mwisho za kunyooka hupotea, na aliyezipoteza huchechemea miezi.

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamo vidonge viwili vya mg 500 kila saa sita, visizidi vinane kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki zinywewe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, na mjamzito, wasizitumie bila daktari. Kuchomwa sindano ya kuua maumivu ili umalize mechi ni kulimaliza goti.

Ukitumia gongo moja, lishike mkono wa upande wa mguu mzima. Kupanda ngazi hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia gongo na mguu mgonjwa. Choo cha kuchuchumaa kiepuke kwanza: weka kiti kilichotobolewa juu yake. Anayeswali aswali kwenye kiti mpaka goti likunjike lote bila maumivu.

Mazoezi

Yaanze siku ya pili au ya tatu, hata kama uvimbe haujaisha. Kaa, nyoosha mguu, weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino ili goti lining'inie, uliache linyooke kwa uzito wake dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa siku. Halafu kaza msuli wa paja kana kwamba unaligandamiza goti chini, hesabu hadi 5, legeza, mara 10. Tazama pia ya goti: isipopanda kuelekea paja, msuli haujaamka. Kisha vuta kisigino taratibu kuelekea makalio, ukiishia pale maumivu yanapoanza.

Ukiweza kuuinua mguu ulionyooka mara 10 bila goti kulegea, ongeza kuchuchumaa nusu, kupanda kigogo cha sm 15 na kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30. Kipimo chako ni asubuhi: goti likiwa limevimba kuliko jana, punguza.

Mteguko mdogo huchukua wiki 1 hadi 3, wa wastani wiki 4 hadi 6, na ligamenti iliyokatika kabisa hudai bresi yenye bawaba, yaani kifaa kinachofungwa kulishikilia goti, na wiki 8 hadi 12. Usianze kukimbia mpaka utembee nusu saa bila kuchechemea wala uvimbe. Mpira wa kugombania uwe wa mwisho, baada ya kukimbia kwa kona na kuruka kwa mguu mmoja kufikia angalau asilimia 90 ya umbali wa mguu mzima.

Ikiwa ni ACL

Hii ni habari nyingine, kwa kuwa ikikatika mara nyingi haijiungi vizuri yenyewe. Si kila mtu huhitaji kisu: utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliopangiwa kuanza na mazoezi hawakuwa wamefanyiwa upasuaji wa ligamenti miaka miwili baadaye. Goti likiendelea kukuponyoka ukigeuka, upasuaji una maana. Kabla yake uvimbe uishe na goti linyooke lote, maana goti linalopasuliwa likiwa gumu hubaki gumu. Baada yake usirudi mechini kabla ya miezi 9, hata ukijisikia mzima mwezi wa 5: kano iliyopandikizwa mahali pa ligamenti inakuwa bado haijakomaa, na kila mwezi unaosubiri kufikia huo wa 9 hupunguza hatari ya kuumia tena.