Barafu kwenye maji ya kostiki soda

Kwa wanaotengeneza sabuni ya mche nyumbani: badala ya kusubiri maji ya kostiki (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) yapoe hadi kesho, pima nusu ya maji yako yakiwa barafu. Kwa kilo 1 ya kostiki na maji kilo 3, tumia maji kilo 1.5 na barafu kilo 1.5 iliyopondwa. Mimina kostiki kidogo kidogo juu yake huku unakoroga. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, yataruka usoni.

Kostiki ikiyeyuka hutoa joto, takriban kilojuli 1,100 kwa kilo, ndiyo maana ndoo hukaribia kuchemka na mvuke wake hukaba koo. Barafu nayo, ili iyeyuke, lazima inyonye joto: kilojuli 334 kwa kila kilo. Kwa hiyo kilo 1.5 hula karibu nusu ya joto lote kabla halijapandisha maji.

Barafu ni sehemu ya maji ya kipimo, si nyongeza. Ukiiongeza juu sabuni itakuwa laini. Kwenye ubaridi kostiki hupenda kuganda chini kama jiwe, basi usiache kukoroga. Na kama unatumia mawese au mafuta ya nazi, maji yakiwa baridi mno mafuta yataganda na utadhani sabuni imeshika, kumbe bado. Hapo subiri yawe vuguvugu.

Sufuria ya alumini hapana: kostiki huila na kutoa hidrojeni, gesi inayowaka. Ndoo ngumu ya plastiki inatosha, pamoja na glavu na miwani.