Sekta ya CD ni baiti 2048, si 512

Ukiandika programu ya kubuti mfumo endeshi wako kutoka kwenye CD, tumia El Torito (kanuni ya kubuti kutoka kwenye CD) bila uigaji wa flopi, yaani bila CD kujifanya diski ya flopi. Kwa njia hiyo unasoma CD yenyewe, na hapa ndipo wengi tunapokwama: kila unaposoma kwa INT 13h, AH=42h (huduma ya kusoma diski ya BIOS, programu inayoiwasha mashine), sekta moja, yaani kipande kidogo kabisa cha diski kinachosomeka, inaleta baiti 2048. Ukitenga nafasi ya baiti 512 tu kwenye kumbukumbu, data inayobaki inaweza kufunika msimbo wako na mashine ikaganda kimya kimya. Lakini idadi ya sekta iliyoandikwa kwenye katalogi ya kubuti (orodha iliyo kwenye CD inayoiambia BIOS ipakie nini) huhesabiwa kwa baiti 512, kwa hiyo 4 ni sawa na sekta moja ya CD. Inachanganya kweli!

Namba ya kiendeshi iliyoachwa na BIOS kwenye DL (rejista, nafasi ndogo ndani ya prosesa) ihifadhi mapema, usibahatishe.

Na ukitengeneza ISO (faili lenye nakala ya CD nzima) kwa programu ya xorriso au mkisofs, ongeza chaguo la -boot-info-table. Itaandika ndani ya faili lako la kubuti mahali lilipo kwenye diski, pamoja na ukubwa wake. Ila acha wazi baiti ya 8 hadi ya 63 za faili hilo (ukihesabu kuanzia 0), na mwanzoni kabisa weka jmp, amri ya kuruka, ili kuzipita.