Kabla kliniki ya mazoezi haijasimama

Mlipuko ukitangazwa, Mwanza tunakimbilia ndoo ya maji tiririka, sabuni na barakoa. Sawa. Lakini kama nyumbani una mtu wa kiharusi, au aliyetoka kufunguliwa hogo (plasta ya mfupa uliovunjika), jipange zaidi. Kliniki ya mazoezi, yaani fiziotherapia, hailazi mtu, kwa hiyo ni rahisi kuonekana inaweza kungoja. Goti lililotoka kwenye hogo halina habari na mlipuko, lisipokunjwa linakakamaa.

Chukua namba ya daktari wa mazoezi mwenyewe, si ya mapokezi. Dawa za presha ziwepo za mwezi. Msindikizaji mmoja, si ukoo mzima. Mkiwa na homa au mnaharisha, pigeni simu kwanza.

Hili la sasa lisikilize vizuri. Mwaka 2020 corona ilipoingia, mama alikuwa na wiki ya sita tangu apigwe kiharusi upande wa kulia. Mara mbili kwa wiki tulikuwa tunamshusha kutoka Bugarika, kwenye mawe, hadi bajaji ilipo. Siku moja tukaambiwa tusije mpaka tupigiwe. Na mimi, siku zote hizo, nilikuwa nakaa kwenye benchi nje nachati. Sikujua hata zoezi moja.

Nyumbani tukabuni. Asubuhi kaka alimwinua kwa kuushika ule mkono uliolegea na kuuvuta, kama anavuta mtumbwi ufukweni. Jirani akamkanda kwa maji ya moto kwenye ngozi isiyohisi, malengelenge. Wiki ya tatu ya kukaa nyumbani, mama akawa analia usiku: bega. Nilipopapasa, juu ya mkono palikuwa na shimo, kidole changu kikaingia.

Nikampigia daktari. Swali lake la kwanza: "Nani anamvuta mkono?" Misuli ikilegea, mkono unaning'inia tu, ukivuta, unauchomoa begani. Mshike mgongoni kwenye kombe la bega, na kiunoni. Usimnyanyue kwa makwapa. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Vidole vinyooshwe taratibu kila siku.

Bega lilitulia baada ya miezi. Vidole viwili havijafunguka hadi leo. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo mwili hurudisha nguvu zaidi, na sisi tuliimalizia kwenye kuvuta.

Kwa hiyo homa ya virusi vya Marburg ilipotangazwa Kagera, Machi 2023, sikungoja ifike kwetu. Niliingia ndani ya kliniki na mama, nikafanya kila zoezi kwa mikono yangu mpaka daktari akasema sawa, nikarekodi kwa ruhusa yake. Nawe fanya hivyo. Uliza mara ngapi kwa siku, na maumivu gani ni ya kusimamisha. Mnaotoka Ukerewe na visiwa vingine, ombeni mpango wa mwezi mzima. Na hali ikitulia msikae kusubiri simu kama sisi, nendeni mkaulize.

Halafu ondoa ule mkeka wa mlangoni unaoteleza. Stuli ya mazoezi iwe nzito, isiyocheza. Fimbo yake ikae karibu na kitanda, watoto wasiifanye bunduki.