Somo: Ubao wa bawaba wa kufuata nyota, kwa sisi wa Kusini

Kamera ikiachwa wazi nusu dakika ikitazama kundi la nyota la Nge, nyota hutoka kama vijiti, maana dunia inazunguka: mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56. Mashine za kufuata nyota ni ghali, na madukani hapa Mtwara sijaziona. Mbao mbili, bawaba na bolti zinatosha. Ubunifu ni wa George Haig wa Uskoti, miaka ya 1970.

1. Tafuta mbao mbili kavu za mninga, kila moja 300 mm kwa 270 mm. Ziunganishe upande mrefu kwa bawaba mbili zisizocheza, pini zikae mstari mmoja.

2. Hapa ndipo penye roho ya kazi. Toboa ubao wa chini 228.5 mm kutoka katikati ya pini ya bawaba, ukaze nati ya M6, yaani ya bolti yenye unene wa milimita 6. Bolti ya M6 hupanda milimita moja kila ikizungushwa mara moja; kwa umbali huo, mzunguko mmoja kwa dakika huinua ubao wa juu, na kamera iliyo juu yake, sawa na mwendo wa anga. Mara ya kwanza nilipima kutoka ukingo wa ubao. Nilikosea milimita saba tu, na picha ya dakika tano ikatoka na nyota kama punje za mchele. Pima mara tatu kabla ya kushika keekee.

3. Bolti iingie kwa chini. Lainisha ncha yake kwa tupa iwe mviringo, na gundisha kipande cha bati inapogusa ubao wa juu. Kwenye kichwa cha bolti funga mfuniko wa ndoo uliogawanywa sehemu 12 kama uso wa saa. Mkono wako unafuata mshale wa sekunde.

4. Kuelekeza. Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 10 tu juu ya upeo, na haina nyota angavu. Mimi natumia jua. Simamisha kijiti kwa timazi na uchore duara kukizunguka. Tia alama ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi, na tena alasiri. Mstari unaounganisha alama hizo ni mashariki-magharibi. Weka guniya, utapata kusini halisi, si ya dira.

Laza bawaba sambamba na mstari wa kusini, zikae upande wa magharibi, ukingo wa bolti mashariki. Inua upande wa kusini kwa kabari: 54 mm kwa kila 300 mm. Acha nafasi chini ya kuzungushia bolti. Kamera hukaa juu, kwenye kichwa cha stendi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Nachingwea: Kaka, nimepata bolti ya M8 tu. Nifanyeje?
Jibu: Tumia hiyo, ila umbali uwe 285.7 mm na mbao ziwe pana zaidi. Kwanza weka rula kwenye hesi: hesi kumi za M8 ni 12.5 mm. Ukipata 12.7, hiyo ni ya inchi, robo inchi ya hesi 20 kwa kila inchi. Umbali wake ni 290.3 mm. Dukani huchanganywa ndoo moja.

Mwanachama, Lindi mjini: Kabari ni ileile?
Jibu: Kwenu 53 mm, dada.

Mwanachama, Mikindani: Shikamoo mwalimu. Naweza kuweka darubini yangu juu yake?
Jibu: Marahaba. Darubini hapana. Inakuza nyota, na kila mtikisiko wa mkono inaukuza vilevile. Anza na lenzi ya 50 mm, dakika mbili mbili. Upepo wa kusi ukivuma, jikinge na ukuta. Ukimaliza ipake bolti grisi usiku huohuo. Chumvi ya bahari huko kwenu haisubiri asubuhi.