Kabla Hujahamia Kwenye Nyumba za Bustani Moja Mombasa

Tulikuwa nyumba saba huko Kisauni, milango yote ikitazama bustani moja. Hatukuwa ukoo mmoja wala kabila moja, wengine msikitini wengine kanisani. Tulichaguana tu, watu waliochoka na fleti ambako jina la jirani hulijui mpaka siku ya msiba wake. Niliishi hapo miaka minne, na kila nikitaja habari hiyo hapakosi mtu wa kuniambia kwamba naye anatafuta mahali kama hapo. Vyema. Ila kabla hujapakia godoro kwenye pikapu, kuna mambo uyaulize.

Anza na ardhi. Mombasa nyumba huweza kuwa na mwenyewe, na kiwanja kikawa na mwenyewe mwingine. Ziko nyumba nyingi za namna hiyo: aliyejenga analipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na kwenye hati ya ardhi jina lake halimo. Sasa wewe unataka kupanda mwembe, mti wa kungojwa miaka, kwenye udongo wa nani? Taka kuiona hati kwa macho yako. Ukiambiwa iko kwa wakili, nenda kwa wakili. Hata minazi unayoikuta pale iulizie, maana huku pwani mtu aweza kumiliki mnazi asimiliki ardhi ulipoota, ukashtukia siku moja mkwezi yuko juu anaangua nazi ulizodhani ni zenu.

Kikundi kisajiliwe. Sheria ya kusajili vikundi vya kijamii ipo tangu 2022, kwa hiyo msiseme hamkujua pa kwenda. Pesa zikae benki kwa sahihi za watu watatu, zisikae kwenye simu ya mweka hazina. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, najua ninachosema.

Udongo wetu ni mwembamba juu ya mawe ya matumbawe. Mtahitaji samadi na mboji nyingi kuliko mnavyofikiri.

Zamu za kumwagilia na kupalilia ziandikwe ukutani. "Tutasaidiana" si zamu.

Kuku wafungiwe, na vifaranga wafunikwe wavu. Kunguru wa Mombasa hawana dini.

Sasa maji, na hapa naomba utulie, kwa sababu hapa ndipo nilipoungua.

Maji ya mfereji ya mji huu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, mengine Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yakikatika, hakuna anayekwambia yatarudi lini. Kwa hiyo bustani inategemea kisima. Kisima chetu kilichimbwa zamani kwenye matumbawe, kikitekwa kwa ndoo na kamba, na maji yake yalikuwa matamu ya kutosha kupikia chai. Nilipohamia, mwezi wa tano, masika yamekolea, nilionjeshwa bilauri moja nikasifu.

Mwezi wa kumi na mbili nikatoa wazo. Wazo lilikuwa langu, nisimsingizie mtu. Kila nyumba itoe 9,000, tununue pampu ya umeme na tangi la lita 5,000, tupumzishe mikono. Tena maji ya ziada tuwauzie watu wa mtaani kwa mitungi, pesa irudi. Bi mkubwa wa nyumba ya jirani, aliyezaliwa hapo, alituangalia tukifunga mabomba akasema, "Wanangu, kisima hiki kinataka ndoo." Tukamwitikia kwa adabu, kisha tukawasha pampu.

Laiti ningalijua kilichokuwa chini. Karibu na bahari, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukiteka kwa ndoo, kisima kinapata nafasi ya kujijaza. Ukivuta kwa nguvu, unaipunguza ile tabaka ya juu na ya chumvi inapanda kuziba nafasi. Wanaosomea maji ya ardhini wana hesabu yake: ukishusha maji matamu kwa mita moja na yakakaa hivyo, yale ya chumvi yanaweza kupanda mita 40. Sisi tulivuta asubuhi na jioni, kaskazi nzima, mvua hakuna, na mitungi inatoka getini kwenye mikokoteni.

Kwanza sabuni ikakataa povu. Tukailaumu sabuni. Kisha kingo za majani ya mchicha zikaungua kama zimepitishwa motoni, na juu ya udongo ukatanda ukoko mweupe. Maharage yakafa yote kwa wiki moja. Minazi haikushtuka, mnazi umezaliwa na chumvi. Siku chai ilipokuja na ladha ya machozi ndipo tukaelewana kwa macho, na hakuna aliyenena.

Tukaita bouza, lori la kuuza maji. Hapo ndipo jumuiya ilipopasuka. Walioshughulikia bustani walitaka gharama igawanywe sawa. Wasiolima wakasema mchicha waliula walipopewa, ndiyo, lakini pampu hawakuiomba. Mwingine akagunduliwa akimwagilia mibiringani yake usiku kwa hozi, maji ya bouza hayo, ya kununua. Nyumba tatu zikahama kabla ya mwezi wa nne, kila moja ikidai 9,000 zake, na katiba yetu ilikuwa na aya nzima juu ya kelele baada ya saa nne usiku, lakini neno juu ya anayehama halikuwamo. Nililipa sehemu mfukoni mwangu, kwa aibu.

Mvua ilipokuja ilisafisha udongo polepole. Kisima kilirudi, si kama zamani. Pampu tuliiuza kwa hasara, na ndoo ikarudi kwenye kamba yake.

Kwa hiyo: onja maji mwezi wa pili, usionje mwezi wa tano. Waulize wazee wa mtaa, wala usiwaulize ukiwa umeshanunua mabomba. Osha mikono kwa sabuni ya mche pale pale kisimani, uone povu. Pima umbali kutoka kisimani hadi choo cha shimo kilicho karibu, chenu na cha jirani, na mita 30 zikikosekana usinywe. Uchafu hupita haraka kwenye nyufa za matumbawe. Tazama kama mabati yana gata na tangi la mvua. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 tu linakupa kama lita 1,000, na hizo hazina chumvi wala mwenyewe. Na muandike, kabla ya mtu kutoa shilingi ya kwanza, anayehama anaondoka na nini na anaacha nini. Miche? Tangi? Mpapai alioupanda?

Mengine ni ya kawaida. Uliza mbwa wanafugwa au hawafugwi, maana kuna nyumba haitavumilia. Uliza nani ana ufunguo wa geti usiku. Uliza wageni wanalala siku ngapi kabla hawajawa wakazi. Angalia nyaya za umeme, angalia maji ya masika yanaelekea wapi, mlangoni kwako au kwa mwenzako. Na kama kuna mnazi ulioinamia bati la chumba utakachopewa, nazi ziangushwe kwanza, kitanda baadaye.