Kuchagua samaki wa tangi kubwa la mimea kwa maji na joto la Malindi

Tangi tunalozungumzia hapa lina urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 55. Kwa hesabu ya vioo ni kama lita 495, lakini ukishaweka mchanga wa sentimita 6, magogo na mawe, na ukaacha nafasi juu, maji yanayobaki ni karibu lita 400. Pimia dawa na idadi ya samaki kwa hiyo 400. Uzito wote unapita kilo 600, kwa hiyo lisimame chini, kwenye sakafu ya zege. Katika nyumba za kale za Lamu zenye dari za boriti za mikoko, usithubutu kuliweka orofani.

Kabla ya kutazama samaki hata mmoja, yajue maji yako. Visima vya mwambao huu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, nao ni chokaa tupu. Maji yake huwa magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ndiyo kati) hupanda, na kadiri kisima kinavyokaribia bahari chumvi nayo huingia. Maji ya mfereji, yanayovutwa kutoka Baricho kando ya mto Sabaki, huja na klorini. Ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati au kwenye jabia, birika la kuhifadhia maji, kwa ndugu zetu wa Lamu, ni laini na karibu hayana madini. Nunua vipimo vya matone vya pH, ugumu, na amonia, nitraiti na nitreti, kemikali zinazotokana na uchafu wa samaki. Vile vikaratasi vya kuchovya huharibiwa upesi na unyevunyevu wa Pwani, vikaanza kusema uongo.

Ugumu ukizidi digrii 12 (za kipimo cha ugumu, si za joto) na pH ikawa 7.8 au zaidi, usishindane na maji kwa dawa za chupa. Dawa ya kushusha pH hushindwa na chokaa, pH inarudi juu baada ya siku moja au mbili, na kupanda na kushuka huko huwaumiza samaki kuliko ugumu wenyewe. Chagua samaki waliozoea maji hayo. Ukitaka maji laini kweli, changanya maji ya mvua, na uwe na pipa la kutosha kwa kiangazi chote.

Mchanga pia huamua. Mwagia siki kijiko kimoja juu ya mchanga mkavu: ukitoa povu, una chokaa na utaendelea kuyagumisha maji. Kwa samaki wa maji magumu haudhuru, mradi uoshwe chumvi yote. Kwa samaki wa maji laini utafute mwingine. Matumbawe na makome ya baharini yaache yalipo; Hifadhi ya Bahari ya Malindi inalindwa kisheria tangu 1968, na kwenye tangi la mimea hayana kazi.

Halafu kuna joto. Hita huku haina haja. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, maji ya tangi yanaweza kufika digrii 30 bila kuwashwa chochote. Maji ya digrii 25 yakijaa oksijeni hubeba miligramu 8.3 kwa lita; yakifika 30 hubeba 7.6 tu, na wakati huohuo joto limeuchangamsha mwili wa samaki, unataka hewa zaidi. Mimea nayo ikiingia giza huacha kutoa oksijeni ikaanza kuitumia. Ndiyo sababu samaki wakikosa hewa utawakuta wakihema juu ya maji alfajiri. Elekeza mdomo wa filta (kichujio cha maji) juu ili uso wa maji utibuke, na pampu ya hewa iendeshwe usiku kucha. Feni ndogo ikipuliza uso wa maji hushusha digrii 2 hivi, ila maji hupungua. Madini hayapai na mvuke, kwa hiyo jazia kwa maji ya mvua, la sivyo ugumu utapanda wiki baada ya wiki.

Kwa joto hili, wapo wanaojiondoa wenyewe. Samaki wa dhahabu anapenda ubaridi, hung'oa mimea na huchafua maji kupita kiasi. Neoni wa kawaida, tetra mdogo wa sentimita 3, anaishi vizuri kati ya digrii 20 na 26. Kumweka kwenye 30 ni kumfupishia maisha. Mwenzake tetra kadinali anastahimili 28 na hata 29, lakini anataka maji laini.

Kundi la maji magumu, ambalo ndilo tungelichagua kwa nyumba nyingi za Malindi, ni hili. Reinbo wa Boeseman 10, madume 4 na majike 6. Asili yake ni maziwa ya Ayamaru huko Papua, upande wa Indonesia; amezoea maji magumu na joto la 27 hadi 30, na hukua hadi sentimita 10 au 11. Dukani akiwa mdogo ni wa kijivu, watu humpita. Akikomaa, nusu ya mbele huwa buluu na ya nyuma ya chungwa, na jua la asubuhi likilipiga tangi madume hutandaza mapezi na kuwaka rangi mbele ya majike. Hawaumizani, mradi majike yazidi. Ongeza gurami lulu 5, dume mmoja au wawili. Gurami ana kiungo cha kuvuta hewa juu ya maji, jambo linalomfaa sana stima ikipotea. Chini weka koridora wa Sterbai 10, kambare wadogo wa mchangani. Huyu anaistahimili 28 kuliko koridora wengi, mradi ugumu usipite digrii 15 hivi. Malizia na pleko wa ndevu, dume mmoja na majike wawili, wasugue mwani kwenye vioo na magogo. Pleko wa kawaida, yule mwenye pezi kubwa la mgongoni, hufika sentimita 40 na zaidi. Akiuzwa mdogo wa kidole, muulize muuzaji ni yupi hasa kabla hujatoa pesa.

Kama maji yako ukiyaonja yana chumvi, koridora na tetra wasahau. Weka molli 15 na gapi 20, jike wawili au watatu kwa kila dume, na mimea ya valisneria na jimbi la Java inayostahimili chumvi kidogo. Jua tu kwamba jike huzaa takribani kila wiki nne, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Ukikosa wa kuwagawia watoto hao, chukua madume peke yake.

Wenye maji laini wana uhuru mkubwa zaidi. Tetra wa Kongo 12, koridora 10, enjeli 5 walionunuliwa wadogo. Enjeli ndiye mtihani wa tangi zima. Porini neoni ni riziki yake, na samaki wa sentimita 3 mbele ya enjeli mzima hana siku nyingi. Kipimo ni kinywa: anayeingia kinywani ataliwa, hata kama wameishi pamoja kwa amani miezi sita, kwa sababu enjeli alikuwa bado anakua. Wawili wakioana wanachukua kona, wanataga kwenye jani pana au kioo na kuwafukuza wote. Katika sentimita 150 wengine wana pa kukimbilia. Katika 80 hawana.

Ukubwa na kinywa vikishapita, tazama tabia. Barbi milia hung'ata mapezi marefu ya enjeli na gurami. Wakiwa 10 wanashughulikana wao kwa wao na udhia hupungua, lakini na wenye mapezi marefu bado usiwachanganye. Samaki wa makundi wakinunuliwa wawili wawili hujificha, au hugeuka wakorofi kwa woga. Ni afadhali aina nne zenye kundi kamili kuliko aina kumi na mbili za mmojammoja. Mbuna wa Ziwa Nyasa huwadanganya wengi hapa: maji yetu magumu yanamfaa kabisa, lakini huchimba, hula mimea na hupigania kila jiwe. Perege vivyo hivyo. Wale wanaouzwa kwa jina la papa wa maji baridi, bala hufika sentimita 35 na pangasi hupita mita moja. Hakuna tangi la nyumbani litakalowatosha.

Mimea iwe imeshika mizizi kabla ya samaki. Valisneria hupenda maji magumu na hukua kama nyasi. Anubia na jimbi la Java hufungwa kwenye gogo kwa uzi, kwa sababu shina lao likizikwa mchangani huoza. Taa saa 8 kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo unafuga mwani. Magugu na konokono usiyatoe kwenye madimbwi na mabwawa, maana humo wamo konokono wanaobeba kichocho.

Tangi jipya likae wiki 4 hadi 6 filta ikizunguka na amonia kidogo ikitiwa, ili vijidudu vinavyokula amonia vizaliane kwenye filta, mpaka amonia na nitraiti zisome sifuri. Kwetu hili halina mkato. Amonia ina sura mbili majini, na yenye sumu huongezeka pH na joto vikipanda: kwenye pH 7 na digrii 25 haifiki sehemu moja kwa mia, kwenye pH 8.2 na digrii 29 inakuwa kama moja kwa kumi. Kiasi kilekile ambacho kwingine samaki angekivumilia, hapa kinachoma matamvua yake.

Dukani usiharakishe. Omba samaki walishwe mbele yako, asiyekula muache. Mtazame koridora kwa karibu: sharubu ziwe ndefu na zilizochongoka. Zikiwa butu na nyekundu, amekaa juu ya uchafu muda mrefu. Tumbo lililobonyea, mapezi yaliyokunjwa ubavuni, vidoa vyeupe kama punje za chumvi, au samaki mmoja aliyekufa humo humo tangini, hizo ni sababu za kuondoka mikono mitupu.

Ukinunua Nairobi, kuna jambo zaidi. Maji ya huko, mengi yakitoka bwawa la Ndakaini, ni laini na ya baridi. Usimwage samaki moja kwa moja kwenye maji magumu ya digrii 29. Na baada ya safari ndefu, kutia maji mapya tone kwa tone kwa saa mbili ndani ya mfuko kuna hatari yake: mfuko ukifunguliwa, hewa chafu inatoka, pH inapanda, na amonia iliyojikusanya njiani inageuka sumu. Andaa beseni au tangi dogo la lita 60 lenye filta iliyokwisha komaa, changanya maji ya mvua na yako yafanane na ya dukani, uuache mfuko uelee humo dakika 20 ulingane joto, kisha uwahamishe samaki kwa wavu na kuyamwaga maji ya mfuko. Wakae humo wiki 3, ukibadilisha sehemu ndogo kila siku ya pili kwa maji ya tangi kubwa. Magonjwa mengi hujitokeza kwenye muda huo.

Kuingiza kwenye tangi kubwa, koridora watangulie, wiki mbili baadaye reinbo au tetra, kisha gurami. Enjeli na yeyote mwenye kupenda kumiliki kona awe wa mwisho, aikute kila kona ina mwenyewe. Kila baada ya kundi pima amonia na nitraiti. Zisiposoma sifuri, ahirisha lifuatalo. Badilisha robo ya maji kila wiki, yale ya mfereji yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini.

Stima ikikatika, usiwalishe. Weka pampu ya hewa ya betri tayari, na filta ya mtungi (ile iliyofungwa nje ya tangi) iliyozima kwa saa nyingi usiiwashe ghafla: fungua, suuza sponji kwa maji ya tangi, kwa sababu vijidudu vilivyokosa hewa vimeanza kufa na uchafu wake utarudi wote kwa samaki.

Wiki ya kwanza ya kila kundi, zima taa za chumba usiku na uwahesabu kwa tochi, kisha uwahesabu tena kabla ya chakula cha asubuhi. Mapezi yaliyoraruka huonekana vizuri saa hiyo. Anayejificha nyuma ya filta siku tatu mfululizo na haji kula, mtoe umrudishe kwenye tangi dogo. Akianza kula huko peke yake, basi anaonewa, na anayehitaji kuhamishwa ni yule anayemfukuza.