Zile namba sita usimsomee mtu, hata awe CR wako

Nikiwa fesi yia, wiki ile kila mtu anasubiria bumu la mkopo liingie, CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, akanicheki WhatsApp: "Oya natengeneza gruu la waliopata mkopo, kuna namba sita zimeingia kwako kwa SMS, nisomee fasta." Kucheki SMS kweli zipo, nikamsomea, wala sikufikiria mara mbili. Kumbe ndo namba za kufungulia WhatsApp yangu kwenye simu nyingine, dakika chache ikanitoa. Jioni shangazi ananipigia toka Tanga, "Mwanangu, ile elfu hamsini imefika? Mbona jina lililokuja si lako?" Kumbe CR mwenyewe alishaibiwa akaunti asubuhi ile ile. Hapo hakuna cha mdukuzi wala nini, mlango nilifungua mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi leo. Ingia WhatsApp, nenda settings, akaunti, halafu uthibitishaji wa hatua mbili, weka pini ya tarakimu sita. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa umejaziwa sifuri mbele, watu wanafanya sana hii. Pini hii haiji kwa SMS, ipo kichwani kwako, so hata tapeli akizipata zile namba za SMS bado anakwama. Weka na imeili pembeni, maana ukiisahau pini na imeili huna utasubiri siku 7.

Akikupigia mtu anajiita wa mtandao wako, anataka ubonyeze *21* halafu namba fulani, kata simu. Hapo anahamishia simu zako kwake, ili zile namba sita zikisomwa kwa kupigiwa azisikie yeye. Kama ulishabonyeza, piga ##002# inafuta.

Stationari sasa, huku ndo tunajisahau. Unaenda kuprinti asaimenti, foleni ndefu, unafungua WhatsApp kwenye kompyuta yao, unachukua karatasi zako unasepa na chati zimebaki wazi pale. Nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, usichokijua kitoe. Mi saivi namtumia faili yule dada wa stationari kwa namba yake, yeye aprinti, basi. Imeili na akaunti ya mkopo usizifungulie pale kama una simu yenye bando, na paswedi zake zisifanane.

Laini nayo. Wale wa miamvuli wanakusajilia, mara "kidole hakijasoma, rudia", unarudia mara tatu, kumbe kingine kimesajili laini ya mtu mwingine kwa NIDA yako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao husika wakaifute. Na ile skrinshoti ya mkopo unayoweka status ukiwa na furaha, ziba basi namba ya mtihani wa fomu foo, si ndo hiyo hiyo uliyoombea mkopo?

WhatsApp ikishaibiwa usianze kulia kwenye gruu, maana humo hata haupo. Piga simu ya kawaida kwa mama, shangazi, rumeti, waambie wasitume kitu, na admini akutoe kwenye magruu. Halafu sajili upya WhatsApp kwa laini yako, namba sita zitakuja kwako, ukiziingiza tu jamaa anatoka hapo hapo. Ikikuomba pini usiyoiweka, ameiweka yeye, utangoja zile siku 7 ila na yeye keshatoka. Hela ikiwa imeenda, aliyetuma awapigie mtandao wake muda ule ule, asingoje asubuhi kama shangazi. Meseji za tapeli zifowadi kwenda 15040.

Shangazi saivi hatumi hata mia bila kunipigia kwanza aniulize paka wa bibi alikuwa anaitwa nani.